Siri yangu wameijua sura ya tano: jibu kwa mwandishi wa Newala

Swali: "Ninaandika riwaya ya taharuki kuhusu ndoa ya Zuhura na Bakari, wakulima wa Tandahimba. Zuhura anasimulia sura nyingi, Bakari anasimulia sita. Bakari ameoa mke wa pili Lindi kwa siri, na Zuhura anagundua sura ya 21 kati ya 22. Nimewapa watu wanne wasome. Watatu walishajua sura ya tano. Wa nne hakujua, ila alikasirika, akasema nimemdanganya. Je, nifiche zaidi au nipunguze? Natuma muhtasari na sura tatu." Mwalimu wa sekondari, Newala.

Jibu:

Mwalimu, ukiyachukua maoni ya hao wanne kama kura utachanganyikiwa, maana watatu wanasema umefichua mno na mmoja anasema umeficha mno. Kilichowaudhi ni kimoja. Riwaya yako ina siri moja tu, na sura 20 nzima zinafanya kazi ya kuikalia. Aliyeibahatisha mapema hana kingine cha kungojea. Asiyeibahatisha anafika mwisho na kukuta ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwandishi muda wote. Kuongeza au kupunguza maficho hakutakusaidia. Badilisha unachokificha, halafu uonyeshe gharama ya kukificha.

Tuanze na siri yenyewe. Mke wa pili ndicho kitu cha kwanza anachokiwaza msomaji yeyote akisoma kwamba mume anasafiri sana na simu yake inalala kifudifudi. Akishawaza hivyo, anauliza swali ambalo muswada haulijibu: kwa nini amfiche? Ndoa ya Bakari ni ya Kiislamu, inaruhusu mke zaidi ya mmoja. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, na mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi, kwa mfano kwamba uwezo wa mume ni mdogo na yeye na watoto wataumia. Kwa hiyo Bakari anayeoa kimya kimya anakwepa zile siku 21. Sababu hiyo ipo, lakini inatosha sura mbili, haitoshi 22.

Mwanamke wa Lindi usimtupe. Mshushe cheo. Awe ndiye siri ambayo Zuhura, na msomaji pamoja naye, wanadhani wameigundua. Siri ya kweli ichimbe pale pale walipo, kwenye korosho. Nikiwa wewe, ningempa Bakari deni la kangomba. Wewe uko Newala, huhitaji kuelezwa, lakini msomaji wako wa Mwanza atahitaji aya moja: mtu anatoa hela wakati wa njaa, kabla ya msimu, kisha anakuja kuchomoa korosho kwa bei aliyoipanga mwenyewe, nje ya stakabadhi ghalani (mfumo rasmi wa kukusanya mazao ghalani na kuyauza kwa mnada), bila risiti ya chama cha msingi cha ushirika, kinyume cha sheria. Karatasi iliyopo ni ya daftari la mwanafunzi, ina dole gumba na majina ya mashahidi wawili. Siri ya aina hii ina faida ambayo mke wa pili hana. Ina tarehe ya kulipuka, na kijiji kizima kinaijua tarehe hiyo.

Ipe hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo inayomtisha msomaji. Tuseme mwezi wa pili Bakari amepokea shilingi 720,000, ambazo zimehesabiwa kuwa kilo 600 kwa shilingi 1,200. Kama mnada utafika 3,000, kilo hizo zingekuwa 1,800,000. Sababu ya kukopa iwe ndogo na ya aibu. Usimpe kamari wala ulevi, vitampa msomaji ruhusa ya kumchukia upesi. Binti yao Salma amechaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni. Ada ya sekondari za serikali iliondolewa tangu 2016, lakini godoro, ndoo, sare na nauli havikuondolewa, na Bakari alishamwambia mkewe tangu Desemba kwamba hela ipo. Haikuwepo. Hapo kuna uongo mmoja wa maneno mawili, na kila kitu kinachofuata kinatokana nao: hela ya kumtuliza mkopeshaji kila mwezi inakula hela ya pembejeo, salfa, ile dawa ya unga ya kupuliza mikorosho, anaiuza kinyemela, mikorosho haipulizwi ipasavyo, ugonjwa wa ubwiriunga unashika maua, mavuno yanashuka, na kilo 600 hazitimii. Yaani kuficha deni ndiko kunakomfanya ashindwe kulilipa. Na mikorosho hiyo isiwe yake. Iwe ya Zuhura, ameachiwa na mama yake. Kwa Wamakonde, ambao kwa asili hufuata ukoo wa mama, jambo hilo halitaishia kitandani kwao wawili. Litapelekwa kwa mjomba wa Zuhura, na Bakari analijua hilo tangu siku anaweka dole gumba.

Sasa kazi ya mezani. Kabla hujagusa sura yoyote, chukua daftari, ulipige mistari safu tano: tarehe, alichosema Bakari, ukweli wenyewe, nani mwingine anajua, na kitu gani kimebaki kikionekana. Jaza kila uongo tangu Desemba hadi mwisho. Usipungukiwe na 15. Safu ya nne na ya tano ndizo zitakazokuandikia riwaya. Uongo wa ndani ya nyumba una matumizi yake kama nyumba yenyewe: unataka hela, unataka muda usiojulikana ulipo, na mara nyingi unataka mtu wa tatu wa kuunga mkono. Ukikuta mstari ambao hauna hata kimoja kati ya hivyo, uongo huo ni wa bure, na uongo wa bure hautishi. Katika sura ulizotuma, Bakari anasema "nilikuwa kikaoni" mara nne, na hakuna hata mjumbe mmoja wa kikao anayekutana na Zuhura kisimani au sokoni. Kijiji gani hicho?

Daftari hilo litakuokoa pia na makosa ya kalenda na ya njia, ambayo msomaji wa Kusini hasamehi. Umeweka harufu ya salfa kwenye shati mwezi wa Desemba. Salfa hupulizwa mikorosho inapotoa maua, kuanzia Mei au Juni hadi Agosti hivi. Desemba hakuna anayepuliza. Harufu hiyo ipeleke Julai. Oktoba tumia doa la bibo, lile tunda la mkorosho, ambalo likiingia kwenye kitambaa cheupe halitoki kwa sabuni yoyote. Halafu sura ya tisa Bakari anakwenda Dar es Salaam na kurudi siku hiyo hiyo kwa basi. Kutoka Mtwara mjini peke yake ni zaidi ya kilomita 550. Badala yake tumia kitu ambacho wasomaji wako watakifurahia: Tandahimba iko kati ya Mtwara na Newala, na gari la Mtwara linakuja kwa upande wa Nanyamba. Bakari anasema alikuwa benki Mtwara. Salma, aliye likizo na ametumwa dukani, anarudi na kusema, "Baba ameshuka gari la Newala," kisha anaomba hela ya ubuyu. Zuhura anampa hela ya ubuyu. Usiongeze neno.

Hapo tumeshaingia kwenye vidokezo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ulipompoteza rafiki yako wa nne. Msomaji hakasiriki kwa kudanganywa. Anakasirika akirudi nyuma na kukuta hapakuwa na kitu cha kuona. Kidokezo kizuri kinaonekana chote, ila kimevaa nguo ya kitu kingine. Kiweke katikati ya orodha ya vitu vitatu, kamwe kisikae mwisho wa aya, kwa sababu mwisho wa aya ndipo jicho linapopumzika na kukumbuka. Kikitokea mara ya kwanza, kiwe cha kupita. Mara ya pili kitokee wakati mhusika ana shughuli nyingine inayomkera. Mara ya tatu ndipo aulize.

Nikupe kimoja cha kuanzia. Bakari ameuza salfa, lakini mifuko ya kilo 25 lazima ionekane stoo, kwa hiyo ameijaza pumba na kuishona upya. Sura ya sita, Zuhura anafagia uani, anamfukuza mbuzi wa jirani, anawaswaga kuku wanaodonoa kwenye kona ya mfuko uliochanika, anaanika mpunga. Basi. Sura ya 12 anagombana na wifi yake mlangoni mwa stoo, kuku wapo tena miguuni. Sura ya 16 yuko peke yake, usiku, na ghafla anajiuliza kitu ambacho mtoto wa shambani angekijua: kuku anakula nini kwenye salfa? Msomaji atarudi sura ya sita mbio, na atamkuta yule kuku pale pale ulipomwacha.

Kidokezo cha uongo nacho kiwe cha haki. Zuhura anaona ujumbe wa kutuma hela kwenye simu ya Bakari, kila tarehe za mwanzo wa mwezi, kwenda kwa mwanamke wa Lindi. Jina ni la kike na ni la kweli. Laini ya mtu wa kangomba imesajiliwa kwa jina la mkewe, jambo la kawaida kabisa, na hela ikitumwa jina la usajili ndilo linalojitokeza. Hujamdanganya msomaji hata herufi moja. Kama unataka Bakari awe na laini ya pili, kumbuka usajili kwa alama za vidole ulianza 2019, na kwa *106# mtu anaweza kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Tukio la Zuhura kubonyeza namba hiyo kwenye simu ya mumewe huku maji ya bafuni yakimwagika linatosha nusu sura. Ila usajili huo usiuchanganye na msimu wa 2018/2019, ambao naona unakuvutia kwenye muhtasari. Msimu huo Serikali ilinunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likasomba, na uhakiki wa kuwabaini watu wa kangomba ukafanyika. Ni msimu mtamu kwa riwaya, maana mkopeshaji asiye na shamba anahitaji jina la mwenye shamba ili mzigo wake upite, na Bakari angekuwa mtu wa kutafutwa. Lakini ukiuchukua, *106# itoke. Chagua kimoja.

Kuhusu mwili wa mwongo. Katika sura tatu, macho ya Bakari "yanakwepa" mara saba, anatokwa jasho mara tano, na kigugumizi kinamshika kila akiulizwa. Ndiyo maana watatu walijua mapema, umewapigia filimbi. Na zaidi ya hapo, si kweli. Mwaka 2006 watafiti Charles Bond na Bella DePaulo walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizowahusisha waamuzi zaidi ya 24,000, na uwezo wa watu kutofautisha uongo na ukweli kwa kumwangalia na kumsikiliza msemaji ulikuwa wastani wa asilimia 54. Kurusha shilingi kungekupa 50. Mke wa ndoa ya miaka 14 hajapewa macho ya ziada, na mara nyingi ana kazi ngumu zaidi, kwa sababu maisha yake yote yamejengwa juu ya kumwamini. Futa macho na jasho vyote. Bakari akiongopa awe mtulivu, msaidizi, mwenye kukumbuka kununua viberiti. Wasiwasi wake uonekane kwenye mambo yasiyohusika: anahesabu vitu, anafunga mlango uliokwisha fungwa, anamkemea Salma kwa kucheza karibu na stoo kisha anamletea andazi.

Na Zuhura asiwe mpelelezi. Kwa muda mrefu awe wakili wa mumewe. Kila kitu kisichokaa sawa, yeye ndiye anayemtafutia maelezo: kachoka, kapoteza, atakuwa amesahau. Yakiisha maelezo ya kumtetea, anaanza kujishtaki mwenyewe: labda nilihesabu vibaya, labda mimi ndiye ninayesahau. Bakari atalitumia hilo, na hiyo ndiyo hatua mbaya kuliko deni lenyewe. Siku anapomwambia mkewe kwa upole, "Mama Salma, siku hizi unasahau sana, pumzika," wakati yeye ndiye aliyeihamisha karatasi, msomaji atamwogopa bila kofi wala kisu. Tukio hilo liwe moja tu, labda mawili. Ukilirudia mara tano linakuwa tabia ya katuni.

Sasa sura sita za Bakari, ambazo ndizo zilizomkasirisha rafiki wa nne. Ukishamwingiza msomaji kichwani mwa mtu, umempa haki fulani. Msimulizi anaweza kukwepa jambo, anaweza kulipaka rangi, lakini hawezi kulisahau eti kwa sababu mwandishi anataka. Umeandika hivi sura ya saba: "Nilipanda basi asubuhi nikiwaza jinsi ninavyompenda Zuhura. Sikuwa na neno moyoni." Neno alikuwa nalo. Huo ni uongo wa mwandishi, haukutoka kwa Bakari. Jaribu namna hii:

"Zuhura aliniuliza kama salfa itatosha. Nikamwambia mifuko yote iko stoo. Na iko stoo, mitano, nimeipanga mwenyewe na kuihesabu mara mbili. Akanimiminia uji. Ulikuwa wa moto mno, nikaunywa hivyo hivyo."

Kila sentensi hapo ni kweli. Msomaji wa mara ya kwanza anaona mkulima makini. Wa mara ya pili anaona mtu anayejiunguza ulimi ili asiendelee kujibu. Pitia sura zake zote sita ukiuliza kwa kila sentensi: ukweli ukishajulikana, hii itasimama? Isiposimama, ifute au ipe maana mbili. Na kama sita zinakushinda, bakiza tatu. Hakuna aliyekulazimisha.

Mpangilio, kwa sura zako hizo 22: shaka ianze sura ya nne. Sura ya 11 Zuhura aende Lindi, amkute yule mwanamke, na agundue kwamba ana mume wake, ana duka lake, na anamjua Bakari kama "yule wa kilo mia sita". Hapo wale watatu waliojidai wamejua watakaa sawa kwenye kiti. Kati ya 11 na 16 anakusanya vipande, na kwa kuku wa sura ya 16 anapata ukweli wote. Usimgombanishe na mumewe hapo. Hili ndilo kosa ninaloliona kwenye miswada mingi ya aina hii: ugunduzi unaandikwa kama mwisho, wakati ndipo taharuki inapoanza. Zuhura anayejua na kunyamaza ana siri yake sasa. Watu wawili wanakula sahani moja, kila mmoja anamchunga mwenzake, na msomaji peke yake ndiye anayewaona wote. Sura ya 17 hadi 20 ziwe za namna hiyo. Amchukue mjomba wake kando, aanze na shikamoo na habari za shamba kabla ya kusema lolote, na asiseme lote. Atafute ile karatasi. Akamwone mmoja wa mashahidi wawili. Katika mazungumzo, mabadiliko yake yaonekane kwenye kitu kidogo: tangu sura ya kwanza anamwita mumewe "Baba Salma". Sura ya 18, katikati ya sentensi ya kawaida kuhusu chumvi, amwite "Bakari". Yeye mwenyewe asitambue. Bakari atambue.

Kilele nakishauri kiwe siku ya malipo, wala kisiwe usiku wa mvua kama ulivyoandika. Korosho zimepimwa chama cha msingi, zimekwenda ghala kuu, mnada umepita, na asubuhi moja hela zinaingia kwenye akaunti za wakulima. Simu zinaita ujumbe nyumba hadi nyumba, bodaboda zinajaa barabara ya kwenda benki, majirani wanaulizana "umeona?" Nyumba ya Zuhura peke yake ndiyo kimya. Wote wawili wamekaa barazani. Yeye anajua kwa nini simu haitalia, mumewe anajua, na mumewe hajui kwamba yeye anajua. Jirani anapita na kuwauliza. Nani anajibu kwanza, na anajibu nini, hiyo ndiyo sura yako ya 21.

Na ile methali uliyoiweka juu ya sura ya kwanza, kikulacho ki nguoni mwako, iondoe. Umekwisha mwambia msomaji atafute wapi.

Ukimaliza, usiwape wasomaji wako muswada wote tena. Wape hadi sura ya 11 tu, na uwaombe waandike mstari mmoja mwisho wa sura ya 4, ya 8 na ya 11: "Bakari anaficha nini?" Wakiandika mke wa pili kwenye 4 na 8, shamba linakwenda vizuri. Akitokea anayetaja deni kabla ya 11, muulize ni ukurasa upi uliomwonyesha, na kidokezo hicho ukisogeze katikati ya orodha au ukiondolee moja ya zile mara tatu. Asiyejua chochote hata kwenye 11 amekwambia kwamba kuku hawaonekani, waongezee punje. Sura 11 zilizobaki mpe kwanza yule aliyekasirika.